Mlango wa nyuma wa pikapu ukikwama, usiupige teke

Umetoka soko la Wakulima alfajiri na pikapu yako kuukuu imejaa viazi na kabichi. Unafika nyumbani, unashika kishikio cha mlango wa nyuma, unainua, na mlango haufunguki. Unainua tena. Unaupiga ngumi, halafu teke. Mwishowe watoto wanapanda juu ya ubavu wa gari na kuteremsha kabichi moja moja, huku gunia la viazi likibaki palepale kwa kuwa hakuna awezaye kulirusha juu ya ukingo.

Kwa wengi wetu dawa ya haraka ni kulegeza komeo kabisa na kufunga mlango kwa kamba au waya. Mpenzi msomaji, mimi nilifanya hivyo. Nilijiambia nitatengeneza Jumamosi, na Jumamosi tatu zikapita. Siku moja nilikuwa natoka Limuru na magunia manne ya viazi. Nikipanda mlima, kamba ilikatika, mlango ukaanguka na gunia moja likaporomoka barabarani. Kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu alilikwepa akaingia mtaroni. Namshukuru Mungu kwamba alichubuka goti tu. Kazi niliyoiahirisha kwa majuma matatu ilinichukua saa moja na nusu nilipoifanya.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mlango hukwama kwa sababu chache tu, na kishikio chenyewe hukueleza ni ipi. Nazungumzia pikapu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye kishikio kimoja katikati ya mlango. Ndani ya mlango kuna fito mbili nyembamba za chuma. Moja inakwenda kulia na nyingine kushoto. Ukiinua kishikio, fito huvuta makomeo mawili, na kila komeo huachilia pini iliyo kwenye ubavu wa gari.

Sikiliza kishikio

Kabla ya kutafuta bisibisi, hakikisha kwamba mlango haukufungwa kwa ufunguo na kwamba mzigo haujauegemea. Gunia likiusukuma mlango, komeo huibana pini na haliwezi kuiachilia. Mwambie mtu ausukume mlango kuelekea ndani huku wewe ukiinua kishikio. Mara nyingine maradhi huishia hapo.

Kama bado, inua polepole. Kishikio kikiwa chepesi, kinapanda na kushuka bila kuvuta chochote, basi fito zimechomoka au vibanio vya plastiki vinavyozishika vimevunjika. Plastiki hiyo hukauka kwa jua na umri. Kishikio kikiwa kigumu, makomeo yamejaa vumbi na kutu. Na kama upande mmoja unafunguka na mwingine unakataa, tatizo liko kwenye ufito au komeo la upande huo uliokataa.

Kufungua bila kuvunja

Panda ndani ya sehemu ya mizigo. Upande wa ndani wa mlango, pikapu nyingi zina bamba lililofungwa kwa skrubu. Skrubu zikiwa na kutu, zipake mafuta ya kulegeza kutu, ungoje robo saa, kisha kaza bisibisi kwa nguvu ukiizungusha. Ukiharakisha utaharibu kichwa cha skrubu.

Bamba likitoka utaziona fito. Vaa glavu, au hata soksi kuukuu mikononi, kwa maana kingo za bati hukata kama wembe. Vuta fito zote mbili kwa pamoja kuelekea katikati. Wakati huo mtu mzima awe nje, amesimama pembeni na kuushika mlango. Asisimame nyuma yake. Mlango wa chuma ukianguka ghafla huweza kuvunja mguu, hasa kama minyororo au kamba za kuuzuia zimekatika. Watoto wakae mbali.

Safisha, paka, jaribu

Mlango ukishafunguka, sugua makomeo kwa burashi ya waya. Yaoshe kwa mafuta ya taa ili tope na grisi ya zamani vitoke, mbali na moto na sigara. Yakaushe kwa kitambaa, kisha paka grisi kidogo tu. Grisi nyingi hukusanya vumbi, na baada ya mwezi utarudi ulikoanza.

Kama kibanio kimevunjika, kitoe ukapeleke mfano wake kwa wauza vipuri. Wakazi wa Nairobi wanaijua barabara ya Kirinyaga kwa biashara hiyo. Waya inaweza kukufikisha nyumbani, lakini isiwe tiba ya kudumu. Ufito uliopinda unyooshe taratibu, na unapourudisha, usiufunge ukiwa umevutika. Ukivutika sana, komeo halitashika pini sawasawa, na mlango utafunguka wenyewe kwenye shimo la kwanza barabarani.

Sasa zingatia hatua ambayo wengi huiruka. Mlango ukiwa bado wazi, chukua bisibisi usukume ulimi wa komeo mpaka usikie limejifunga, kana kwamba pini imeingia. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha inua kishikio. Makomeo yote mawili yanapaswa kuachilia kwa pamoja. Rudia mara tano. Ukiufunga mlango kabla ya jaribio hili na kumbe ufito mmoja haujakaa vizuri, utakuwa umejifungia tena, na kazi inaanza upya.

Wenye pikapu za zamani zaidi, zenye ndoano na minyororo pembeni, kazi yao ni nyepesi zaidi. Safisha bawaba, paka mafuta, na uchunguze kama ndoano imelika. Iliyolika haitengenezwi kwa nyundo. Inabadilishwa.

Ukiona komeo lenyewe limevunjika springi au pini ya ubavuni imepinda, mpelekee fundi. Hapo utakuwa unajua unachomwomba, naye hatakuuzia mlango mzima kwa sababu ya kipande kidogo.

Mwishowe, funga mlango, ushike kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu, kushoto na kulia. Fanya hivyo kila unapopakia mzigo, na umfundishe binti au kijana wako anayeanza kuendesha gari afanye hivyo pia. Ni kazi ya sekunde kumi. Anayekuja nyuma yako barabarani hana njia ya kujua kwamba mlango wako umefungwa kwa kamba.