Ufunguo Mmoja kwa Lori na Trela

Lori la trela linaloteremka kutoka Kombani kupitia Ukunda na Msambweni hadi mpaka wa Lunga Lunga hubeba makufuli mengi kuliko inavyodhaniwa, kwani mbali na milango ya nyuma kuna kifuniko cha tangi la dizeli, sanduku la betri, sanduku la zana na mnyororo wa tairi la spea. Kila kufuli likiwa na ufunguo wake, dereva hulazimika kubahatisha gizani huku utingo akimmulikia tochi, na baada ya wiki chache yale yanayosumbua zaidi huachwa bila kufungwa. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi hupendelea makufuli ya ufunguo mmoja, yaani seti ambayo kiwanda kimeipangia sehemu za ndani zinazofanana, hata ufunguo wowote wa seti ukaweza kufungua kila kufuli lililomo.

Ndani ya kufuli la aina hii mna silinda inayozunguka na safu ya pini, ambazo ni vijiti vifupi vilivyogawanywa vipande viwili na kusukumwa na springi. Meno ya ufunguo huinua kila pini mpaka mgawanyiko wake ulingane na ukingo wa silinda, na pini moja tu ikizidi au ikipungua, silinda haizunguki. Muundo huu ulienea kutokana na kazi ya Mmarekani Linus Yale Mdogo katika miaka ya 1860. Kwa hesabu ya nadharia, pini 5 zenye vimo 6 hutoa mipangilio 7,776, ilhali pini 4 zenye vimo 5 hutoa 625 tu. Ndiyo maana kufuli la bei ya chini linaweza kufunguliwa na ufunguo wa mtu asiyehusika kabisa. Kufananisha pini hakudhoofishi kufuli lenyewe, tofauti na mpango wa ufunguo mkuu, ambao huongeza migawanyiko katika pini na hivyo kumrahisishia kazi mwizi.

Hatari ya seti iko kwingine: ufunguo ukipotea kivukoni Likoni, yanayopaswa kubadilishwa ni makufuli yote. Zaidi ya hayo, trela haina kichwa kimoja cha kudumu, kwa maana leo huvutwa na hiki, kesho na kile, na iwapo vyote vinatumia seti moja, dereva anayekabidhi trela Ukunda ama huondoka na ufunguo wa mzigo usio wake, ama humwachia mwenzake ufunguo wa dizeli yake. Mpango ulio bora ni seti mbili, moja ya kichwa na nyingine ya trela inayoifuata popote iendapo. Kufuli la pini kubwa iliyo chini ya trela, linalozuia trela iliyoegeshwa isivutwe na kichwa kigeni, linastahili ufunguo wa peke yake unaobaki ofisini. Lakiri ya forodha, kwa upande wake, haimo katika mpango huu, kwa kuwa dereva hana ruhusa ya kuikata, na kufuli halichukui nafasi yake.

Nambari iliyogongwa kwenye ufunguo nayo haifai kupuuzwa, maana mara nyingi fundi huweza kuitumia kuchonga mwingine bila kuuona wa asili. Huandikwa katika daftari la ofisi, kisha hufutwa kwa tupa.

Katika ukanda wa Diani, ambako upepo wa kusi huleta chumvi, kufuli la chuma kilichopakwa rangi huota kutu upesi na springi zake hukwama, hivyo linalofaa ni lenye mwili wa shaba ya njano na upinde wa chuma kisichoshika kutu. Tundu lake hutazamishwa chini na kutiwa unga wa grafiti badala ya oili, kwa kuwa oili hunasa vumbi, na vumbi hilo likichanganyika na chumvi huzuia pini zisishuke, hata ufunguo halali ukakataliwa.