AC Inagoma Kwenye Foleni ya Mpaka? Anza na Feni, Gesi Baadaye

Mfanyabiashara anayetoka Arusha kwenda Namanga na Probox iliyojaa nyanya huiona dalili hii mahali palepale. Gari likiwa kwenye mwendo, AC inatoa baridi ya kutosha. Akifika kwenye foleni na kusimama injini ikinguruma, hewa inageuka vuguvugu. Kwa fundi, jibu la haraka mara nyingi ni moja: "Gesi imeisha." Analipa, anajaziwa, na safari inayofuata tatizo linarudi.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi doa la mafuta huonekana kwenye maungio. Ni kweli kwamba gesi pungufu nayo inaweza kudhoofisha baridi gari likisimama. Lakini mshukiwa wa kwanza ni feni, na kuipima ni bure.

Mbele ya rejeta kuna kondensa, inayotoa joto la gesi iliyobanwa na kompresa. Gari likitembea, upepo wa barabarani hupita humo. Likisimama, kazi yote ni ya feni ya umeme. Feni ikifa, mgandamizo wa gesi unapanda na kompresa inaweza kujikata yenyewe. Kwa kuwa kwenye magari mengi feni hiyo hiyo hupoza rejeta, kinachofuata ni injini kuchemsha. Anayepuuza AC leo anaweza kununua gasketi ya silinda hedi kesho.

Kipimo ni cha dakika chache. Dereva awashe injini na AC, kisha afungue boneti. Kwenye magari mengi ya feni za umeme, feni huanza kuzunguka muda mfupi baada ya AC kuwashwa, hata injini ikiwa bado baridi. Mikono na nguo zikae mbali, kwani feni huanza ghafla.

Isipozunguka, injini izimwe na fyuzi ikaguliwe kwanza. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ukubwa uleule, kamwe si kwa kipande cha waya. Ikiungua tena, huenda mota imechoka na inakula umeme mwingi, au kuna waya unaogusana. Kinachofuata ni rilei: iwekwe nyingine yenye namba zilezile ijaribiwe. Mwisho, fundi apeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye nyaya, rilei au swichi ya joto. Ikikaa kimya, mota imekufa.

Feni ikiwa nzima, iangaliwe kondensa: matope, majani na wadudu huziba njia ya hewa. Baada ya hapo ndipo fundi apime gesi kwa geji, na atafute panapovuja kabla ya kujaza.

Anayenunua mota iliyotumika, upande wowote wa mpaka, amtake muuzaji aijaribu kwa betri kabla ya kulipa. Ikishafungwa nyuma ya rejeta, upepo uelekee kwenye injini. Nyaya zikigeuzwa, feni huzunguka kinyume na gari likaendelea kuchemsha.

Na likichemsha katikati ya foleni? Magari mengi madogo hayana geji ya joto, yana taa nyekundu tu. Geji ikianza kupanda, dereva azime AC na kuwasha hita hadi mwisho ili kuondoa joto kwenye injini. Joto likizidi kupanda, au taa nyekundu ikiwaka, asogee pembeni na kuzima gari. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kikiwa moto. Maji yanayochemka huruka na kuunguza uso.

Nyanya zinaweza kusubiri injini ipoe. Hedi ikipinda, zitaozea njiani.