UVIMBE NDANI YA UTI WA MGONGO: SI KANSA, LAKINI USINGOJE



Kijijini kwetu karibu kila mtu ameshaumwa na mgongo. Tunalima tukiinama, tunabeba kuni na maji, na jioni mgongo unalalamika. Maumivu ya namna hiyo mara nyingi huisha yenyewe baada ya siku au majuma machache. Lakini kuna ugonjwa mwingine, wa nadra, ambao huanza polepole na kuonekana kama uchovu au uzee tu. Ni uvimbe unaoota ndani ya uti wa mgongo. Ukitambuliwa mapema, mgonjwa anaweza kurudi shambani. Ukichelewa, anaweza kubaki kitandani maisha yake yote.

Kwa nini uvimbe usio kansa unaweza kulemaza?

Uti wa mgongo ni mifupa iliyopangwa kama shanga. Katikati yake kuna tundu refu, na ndani ya tundu hilo hupita kamba laini yenye unene wa kama kidole kidogo. Huo ndio ugwe wa mgongo. Kupitia hapo ubongo hutuma amri kwa miguu, kibofu na matumbo, na habari za joto, baridi na maumivu hurudi kwa ubongo.

Uvimbe usio kansa hausambai mwilini. Ukiota tumboni au mkononi, unaweza kukaa miaka bila shida. Lakini ndani ya mfupa hakuna nafasi. Kila unapokua, unaukandamiza ugwe, kama vile jiwe linavyobana mpira wa kunyunyizia maji.

Uvimbe huu ni wa aina mbalimbali. Meninjioma huota kwenye utando unaofunika ugwe, na huwapata zaidi akina mama wa makamo na wazee. Shwanoma huota kwenye ganda la mshipa wa fahamu. Osteoidi osteoma huota ndani ya mfupa wenyewe, hasa kwa vijana. Iko pia hemanjioma, uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya mfupa. Huu si wa nadra, na watu wengi wanao bila kujua wala kuumwa.

Dalili za kuangalia

1. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, hata mtu akiwa amelala. Kijana mwenye osteoidi osteoma huumwa usiku, na saa zingine akimeza aspirini hupata nafuu haraka. Nafuu hiyo isimfanye aache kwenda hospitali.
2. Maumivu yanayozunguka kifua au tumbo kama mshipi, au yanayoteremka mguuni.
3. Miguu kuwa mizito, kujikwaa kwaa, au patipati kutoka mguuni bila mwenyewe kujua.
4. Ganzi, au kutosikia moto wa maji ya kuoga.
5. Shida ya mkojo au choo.

Mkojo ukikataa kutoka, au miguu ikiisha nguvu ghafla, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje siku ya soko.

Daktari atatambuaje?

Kwanza atauliza ugonjwa ulianza lini na unaendeleaje. Halafu atamgonga mgonjwa gotini kwa nyundo ndogo, atamgusa kwa kitu chenye ncha, na kumwambia atembee. Kwa njia hiyo anaweza kukadiria ni sehemu gani ya mgongo iliyobanwa.

Eksirei huonyesha mifupa, lakini ugwe hauonekani. Kwa hiyo eksirei inaweza kuwa safi kabisa na uvimbe uko ndani. Picha inayouonyesha vizuri ni MRI. Ikiwa miguu inazidi kudhoofika na umeambiwa eksirei ni nzuri, usirudi nyumbani ukae. Omba barua ya kupelekwa hospitali ya rufaa.

Daktari pia atachunguza magonjwa mengine yanayofanana na haya. Hapa kwetu TB ya mgongo ni ya kawaida kuliko uvimbe huu, na hutibiwa kwa dawa kwa miezi mingi. Brusela, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, nayo huumiza mgongo. Ndiyo maana si vizuri kukisia.

Matibabu

Uvimbe mdogo usiobana kitu unaweza kuachwa, na mgonjwa akapigwa picha tena baada ya muda. Unaobana ugwe huhitaji upasuaji. Kipande chake hupimwa maabara ili kuhakikisha si kansa. Osteoidi osteoma, mahali penye vifaa, huweza kuchomwa kwa sindano yenye joto.

Tiba hii si mpya. Mwaka wa 1887, huko London, daktari Victor Horsley alimpasua mwanajeshi ambaye miguu yake ilikuwa imepooza, akatoa uvimbe usio kansa. Baadaye mtu huyo alitembea tena. Siku hizi kuna wapasuaji wa mishipa ya fahamu hapa Kenya, kwa mfano katika hospitali za Kenyatta, Moi kule Eldoret, na Kijabe.

Lakini upasuaji haufufui kila kitu. Anayeingia hospitalini akitembea ana nafasi kubwa ya kutoka akitembea. Aliyekaa miezi mingi bila kuinuka, matumaini yake ni madogo. Kukanda mgongo hakuondoi uvimbe, wala kutafuta nani amemroga mgonjwa. Huo ni muda unaopotea.

Kikundi kifanye nini?

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Asiyeajiriwa hulipa kulingana na mapato ya nyumba, kiasi cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kikundi kinaweza kuwawekea wanachama akiba ya malipo hayo kidogo kidogo. Ulizeni hospitali mapema ni gharama gani zinazolipwa na ni zipi mtakazojazia.

Mgonjwa akirudi, kazi bado iko. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Afanye mazoezi aliyoonyeshwa. Wengine wamsaidie palizi. Na tarehe ya kurudi kliniki isisahaulike, maana uvimbe mwingine huweza kuota tena.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kuna mtu kijijini ambaye miguu yake inadhoofika polepole? Ni nani atakayemsindikiza kwa daktari juma hili?
2. Wanachama wangapi bado hawajajiandikisha SHA?
3. Mfuko wetu wa dharura unaweza kulipa nauli ya mgonjwa na msindikizaji leo usiku?