Kamba ya Kukwea na Kamba ya Pangoni

Kamusi za Kiswahili huorodhesha maneno mawili yenye umbo la "kamba". La kwanza ni mnyama wa majini, na upatanisho wake ni wa viumbe: kamba huyu amevuliwa. La pili ni kifaa cha kufungia au kuvutia: kamba hii imekatika. Hili la pili lina jamaa wengi. Ugwe ni kamba nyembamba, amari hufungwa nanga, henza hupandisha tanga, demani huliongoza. Mabaharia wa pwani walizitofautisha kamba kwa mali yake pia: kamba ya makumbi ya nazi haikuwa sawa na kamba ya ulayiti iliyotoka ng'ambo. Kamba za wakwea milima na za waingiao mapangoni, hata hivyo, bado hazina majina yaliyozoeleka. Mfasiri wa mwongozo wa matumizi yake huchagua maneno ambayo uhai wa mtu utayategemea.

Tuanze na muundo. Kamba za zamani zilisokotwa: nyuzi zilifanywa ncha, na ncha tatu zikasokotwa pamoja. Mwaka 1953 kampuni ya Edelrid ya Ujerumani ilileta muundo wa kiini na ala. Kiini ni mafungu ya nyuzi za nailoni zilizosokotwa, nayo ala ni gamba lililosukwa kukizunguka. Vitenzi hivi havibadilishani. Kusokota ni kuzungusha nyuzi zishikamane. Kusuka ni kuzipishanisha, kama zisukwavyo ukili na nywele. Kiini hubeba sehemu kubwa ya uzito, na ala hukikinga na msuguano. Muundo huu ndio unaotumiwa leo na watengenezaji wakubwa, wakiwemo Beal ya Ufaransa na Mammut ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1862 kama karakana ya kamba.

Ugumu mkubwa umo katika aina zake mbili. Mkwea mwamba hutumia kamba inayorefuka anapoanguka, ili nguvu ya mshtuko imezwe polepole. Kiwango cha Ulaya EN 892 huitaka kamba yake ihimili angalau maanguko 5 ya jaribio, na nguvu ya anguko la kwanza isizidi kilonyutoni 12. Mwingia pangoni hupanda na kushuka juu ya kamba yenyewe. Ingekuwa ya kurefuka sana, ingemrusharusha na kuisugua ala kwenye kingo za mawe. Kwa hiyo kiwango EN 1891 hutaka urefukaji wa kamba yake usizidi asilimia 5.

Baadhi ya wafasiri huweza kuiita hii ya pili "kamba tuli". Neno hilo lapotosha, kwa kuwa tuli huashiria utulivu, na msomaji aweza kudhani kwamba ndiyo iliyo salama zaidi. Akiikwea mwambani na kuanguka, mshtuko utamwumiza au kung'oa vishikizo. "Kamba isiyonyumbuka" nayo huzidisha, maana hurefuka kidogo. Yafaa kusema "kamba nyumbufu" na "kamba yenye mnyumbuko mdogo". Urefu wa istilahi ya pili ni gharama ndogo.

Methali husema kamba hukatikia pabovu. Katika kamba iliyosokotwa, pabovu huonekana kwa macho. Katika kamba yenye ala huweza kufichika. Ndiyo maana miongozo huagiza kuikagua kwa kuipapasa kiganjani, shubiri kwa shubiri, kutafuta uvimbe, ulaini au ugumu usio wa kawaida. Kamba huoshwa kwa maji yasiyo moto na sabuni isiyo kali, hukaushwa kivulini, na huwekwa mbali na tindikali ya betri, ambayo hula nailoni bila kuacha alama. Haikanyagwi, kwani mchanga hupenya ala na kukikwaruza kiini. Baada ya anguko kubwa, hustaafishwa.

Katika miongozo hiyo, mfasiri atofautishe "kukagua" na "kutazama": anayetazama huona ala tu.