Mbele ya kununua kalkilateri ingine

Mwenzetu mumoja wa mugodi aliacha mushahara wa mwezi muzima kwa fundi hapa Kamalondo. Gari yake ilikatala kubadilisha vitesi, wakamuuzishia kalkilateri ya okazioni, kale ka-ordinateri ka bwate. Gari ikazidi kukatala.

Wandugu, kodi ya mu skana njo inasema. U0101: kalkilateri ya bwate haijibu. Mutafute kwanza fizible, masa, waya. U0302: inajibu, lakini programu yake haipatane na za kalkilateri zingine. Hapo mulinganishe namba za programu, fundi aweke ile ya gari yenu, na beteri isishuke wakati wa kazi.

Ya mwenzetu ilianza na U0101: waya ulikulwa na panya. Ile ya okazioni njo ilileta U0302. Na ya kwanza, nzima kabisa, fundi alikwisha kuiuzisha.