Maombi kwa Jirani katika Vijiji vya Migori na Homa Bay

Kumwombea jirani, kwa mafundisho ya Kikristo, ni kulibeba hitaji la mwingine mbele za Mungu kana kwamba ni la mwombaji mwenyewe, na kwa sababu hiyo maombi ya namna hii huufuata ujirani, hayautangulii. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Waluo ndio wengi na huishi pamoja na Wasuba, Wakuria na wengineo, ujirani huo huanzia katika dala, yaani boma la mzee, wake zake na wanawe waliooa, ambalo mara nyingi huzungushiwa ua wa minyaa. Desturi ya saga, ambayo kwayo mwenye shamba huwaalika majirani kulima au kupalilia kisha akawalisha, iliwazoesha watu kujua ni nani anauguza mtoto na ni nani amekosa mikono ya kumsaidia shambani.

Makanisa yaliikuta desturi hiyo. Waadventista Wasabato walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Legio Maria, kanisa lililoibuka miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, hupaenzi Got Kwer, Migori, kama mahali patakatifu. Kwa upande wa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walikubaliana katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya familia jirani zinazosali nyumba kwa nyumba, kuwa msingi wa maisha ya parokia, na Jimbo la Homa Bay, lililoundwa mwaka 1993, limerithi mpango huo. Ubora wa jumuiya umo katika zamu: kila nyumba hufikiwa, hata ile ya mjane ambaye hana cha kuwaandalia wageni zaidi ya uji, naye huombewa akiwa mwenyeji wala si mhitaji aliyeitwa mbele ya watu.

Hata hivyo, zamu hiyo hiyo ina hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 5 katika Homa Bay, na takriban asilimia 13 katika Migori, walikuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi, na mahali kama hapo ombi linalotamkwa kwa sauti, likataja jina la mgonjwa pamoja na dawa anazomeza, linaweza kuwa tangazo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu VVU na Ukimwi inalinda siri ya hali ya mtu, lakini kikao cha sala hakina karani wala faili, na neno likishatoka halirudi. Kwa hiyo kiongozi wa jumuiya anayeujua wajibu wake humtembelea mgonjwa mapema, peke yake, akamwuliza ni lipi aliombewe hadharani na ni lipi libaki moyoni. Na mgonjwa akisema aombewe nauli ya kwenda kliniki, basi nauli ndiyo inayotajwa, na mara nyingi huchangwa kabla watu hawajatawanyika.