Pangaboi likipiga kelele usiku, usiongeze sauti ya redio!

Joto la Dar la Januari na Februari halina mjadala, bila feni hulali. Sasa balaa ni pale pangaboi linapoanza tak-tak-tak usiku kucha. Ukilizima unaloa jasho, ukiliwasha usingizi hauji.

Langu lilifanya hivyo wiki mbili, mimi naongeza tu sauti ya redio. Siku nilipopanda juu kuangalia, nikakuta ile pini ndogo inayozuia nati ya bolti ya juu isifunguke haipo, na nati imebaki inaning'inia ukingoni. Chini yake ni kitanda anacholala mdogo wangu. Jamani, ile haikuwa kelele, ilikuwa onyo.

Kwa hiyo leo tusaidiane. Cha kwanza, zima meni swichi, usiamini swichi ya ukutani peke yake. Kuna nyumba waya zimefungwa kinyume, unazima swichi lakini moto bado uko kwenye feni. Umeme ukiwa umekatika ndio kabisa, zima meni, maana unaweza kurudi ukiwa juu. Panda kitu imara na mtu akushikie. Halafu fuata sauti:

1. Inagonga tak-tak. Mara nyingi ni skrubu. Kaza zote zinazoshika panga, kisha shusha kile kikombe cha juu uangalie bolti, nati, pini na mpira wa kwenye hukungu la dari. Pini ikikosekana usiwashe mpaka uweke nyingine. Mpira ukiwa umekwisha, badili.

2. Linayumba. Futa vumbi kwanza, maana likijaa upande mmoja uzito unapishana. Halafu chukua futi, pima kutoka ncha ya panga mpaka dari. Zungusha kwa mkono na upime kila panga likiwa sehemu ile ile. Lililoshuka au kupanda kuliko wenzake, mkono wake umepinda, unyooshe taratibu. Kama vipimo viko sawa na bado linayumba, bandika sarafu kwa selotepu juu ya panga moja, jaribu, hamishia jingine mpaka litulie. Likitulia, ibandike kwa gundi imara.

3. Linakwaruza. Zungusha kwa mkono umeme ukiwa umezimwa. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, hiyo ni bereingi. Usimimine mafuta ya kula, yanaganda na kukusanya vumbi. Bereingi zilizofunikwa hata ukipaka mafuta kwa nje hayaingii, dawa ni kubadili. Nenda dukani na ile ya zamani, namba imeandikwa pembeni.

4. Linaunguruma mmmm. Weka spidi ya mwisho. Mngurumo ukiisha, mchawi ni regulata. Kama linaunguruma na haliondoki mpaka ulisukume, kapasita imechoka. Nyingi ni za maikrofaradi 2.5, lakini nunua kwa namba iliyoandikwa kwenye ya zamani, na volti zisipungue. Angalia, kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzima, hivyo gusanisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuishika.

Sasa tusidanganyane. Ukisikia harufu ya kuungua, mota ikichemka kupita kiasi au ndoano ya dari ikiwa imelika kutu, acha, ita fundi. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba, dari ni lake.

Langu lilipona kwa pini moja na kukaza nati. Usiku ule mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, mbona kimya, umeme umekatika?"

Wewe lako linalia vipi? Na mafundi mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni hapo chini kwenye maoni. Ni hayo tu wadau.